Madoa Hudanganya: Namna Vipepeo wa Bicyclus Wanavyopangiwa Ukoo

Kuna kipepeo wa kahawia, mdogo, anayeruka chini chini vichakani, ambaye amesambaa karibu kote Afrika kusini ya Sahara. Jina lake kamili huandikwa hivi: Bicyclus safitza (Westwood, 1850). Yale mabano si pambo. Yanamwambia msomaji kwamba Mwingereza John Obadiah Westwood, aliyempa kipepeo huyu jina mwaka 1850, hakumweka ndani ya Bicyclus. Asingeweza, kwani jenasi (yaani kundi la spishi za ukoo mmoja) yenye jina hilo ilikuwa bado haijaandikwa. Alimweka ndani ya Mycalesis. Aliyemhamisha ni mtu mwengine, baadaye, na kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka uhamisho wa namna hiyo uachiwe alama. Jina la mtu na mwaka vikiwa nje ya mabano, spishi iko pale pale ilipowekwa mwanzo. Vikiwa ndani, imehama.

Wengi wa vipepeo wa jenasi hii wana mabano. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza kwa anayejifunza. Kijana anampiga picha kipepeo ukingoni mwa msitu wa Jozani, Unguja, au Ngezi, Pemba, anatafuta jina kwenye simu, na anakuta kitabu kimoja kinasema hivi, cha pili kinasema vile, na orodha ya tatu ina jina jengine kabisa. Anahitimisha kwamba wataalamu wenyewe hawajui wanachokifanya. Kumbe wanabishana juu ya jambo moja mahsusi: nani ni ndugu wa nani. Jina la jenasi halielezi sura ya kipepeo. Ni dai juu ya nasaba yake, na dai huweza kupingwa, likashinda au likaanguka.

Ngazi zenyewe haziumizi kichwa. Bicyclus wamo katika familia ya Nymphalidae, ile familia kubwa ya vipepeo wanaoonekana kana kwamba wana miguu minne tu, kwa kuwa jozi ya mbele imedumaa. Ndani ya familia hiyo wamo katika nusufamilia ya Satyrinae, na ndani ya Satyrinae wamo katika kundi liitwalo Mycalesina, lenye spishi zaidi ya 320 zilizotapakaa kutoka Afrika Magharibi, kupitia Madagaska na Asia ya kusini, mpaka Australia. Bicyclus peke yake ina zaidi ya spishi 100, na maskani yake ni Afrika. Kwa jenasi moja ya vipepeo, hiyo ni idadi kubwa, na wengi wao wanafanana kiasi cha kumchosha mtu.

Kabla ya kwenda mbali, tumtoe mmoja asituchanganye. Unguja na Pemba kuna Melanitis leda, kipepeo mkubwa zaidi wa rangi ya majani makavu, anayeruka wakati wa magharibi na ambaye viwavi wake hula mpunga. Naye ni wa Satyrinae, naye ana madoa kama macho, naye hubadili sura kwa msimu. Lakini si wa Mycalesina. Carl Linnaeus mwenyewe ndiye aliyempa jina, mwaka 1758, na habari zake ni ndefu za kwake peke yake.

Kwa nini Bicyclus wanapatikana ukingoni mwa msitu? Kiwavi wa Bicyclus hula nyasi. Maabara wanamlisha majani ya mahindi machanga na anakua bila tabu. Mzee wake, yaani kipepeo kamili, kwa kawaida hapotezi muda kwenye maua; chakula chake ni matunda yaliyoanguka na kuanza kuchacha. Kwa hivyo anahitaji mahali penye jua la kutosha nyasi ziote, penye kivuli cha kutosha asikauke, na penye miti inayoangusha matunda. Ndani kabisa ya msitu mnene nyasi ni chache. Katikati ya uwanda, jua ni kali. Pale msitu unapokatika na migomba, miembe au mashokishoki kuanza, kila kitu kipo. Watafiti wanaijua tabia hiyo, ndiyo maana chambo chao kikuu ni ndizi mbivu iliyochacha, iliyowekwa kwenye kisahani chini ya mfuko wa neti: kipepeo anakula, anaruka kwenda juu, anajikuta hana njia.

Mtu angetarajia, basi, kwamba vipepeo wote wa ukingoni ni tawi moja la ukoo, na wale wa msituni ni tawi jengine. Sivyo. Kazi za karibuni juu ya historia ya jenasi hii zinaonyesha kwamba mababu walikuwa watu wa msitu, ikiwa neno hilo linafaa kwa wadudu, na kwamba mbuga zilipotanuka Afrika kuelekea mwisho wa kipindi cha Miosini, matawi kadhaa yalitoka msituni kila moja kwa wakati wake na kwa njia yake. Waliofanikiwa nje ni wale ambao majike yao yaliweza kusimamisha uzazi wakati wa ukavu na kungoja mvua ilete nyasi mpya. Mahali anapoishi kipepeo, kwa hiyo, ni ushahidi dhaifu wa nasaba. Wawili wakikaa kichaka kimoja wanaweza kuwa wametoka pande mbili tofauti za ukoo.

Madoa ni ushahidi mbovu zaidi.

Kipepeo huyu akitua hukunja mabawa, na upande wa chini ndio unaoonekana. Kandokando ya bawa yamepangwa madoa yanayofanana na macho: kitone cheupe katikati, duara jeusi kukizunguka, kisha duara la rangi ya dhahabu. Jicho la mtu huvutwa hapo hapo, na wataalamu wa karne ya 19 walikuwa watu kama sisi. Walipokea vipepeo waliokaushwa kutoka pwani za mbali, mmoja mmoja au wawili wawili, aghlabu bila tarehe ya kukamatwa, wakahesabu madoa na kuyapima ukubwa. Mwaka 1855 Mjerumani Hopffer alieleza kipepeo kutoka Msumbiji, akampa jina evenus. Baadaye ikabainika kwamba evenus ni safitza yule yule, ila amevaa nguo za kiangazi. Sheria ya kutangulia ikafanya kazi yake: jina la 1850 likabaki, la 1855 likawekwa pembeni kama kisawe. Mpaka leo utakuta watu wanalitumia kutaja umbo la wakati wa ukavu, na si kosa mradi wasiliite spishi.

Jambo hili limechunguzwa kwa kina kwa ndugu yake, Bicyclus anynana. Mwaka 1988 majike zaidi ya 80 wenye mayai walikamatwa Nkhata Bay, kwenye ufuo wa Ziwa Nyasa upande wa Malawi, wakawa chimbuko la ukoo wa maabara uliotunzwa Leiden, Uholanzi, chini ya Paul Brakefield, na kutoka hapo ukasambaa hadi maabara nyingine duniani. Wachukue viwavi ndugu, wa mama mmoja na baba mmoja. Walee nusu yao kwenye joto la nyuzi 27: watatoka wakiwa na madoa makubwa yanayong'aa na mstari mweupe unaokatiza bawa. Walee nusu ya pili chini ya nyuzi 20: madoa yatakuwa vitone tu, na bawa zima litafanana na jani lililokauka. Jeni ni zile zile. Kinachoamua ni joto la siku za mwisho za ukiwavi na za mwanzo wa pupa, ambalo huharakisha au huchelewesha homoni, na homoni hiyo ndiyo inayoyaambia madoa yakue au yabaki madogo.

Maumbo haya mawili yana kazi mbili. Wakati wa ukavu kipepeo hutulia juu ya majani makavu akitegemea kutoonekana. Wakati wa mvua, majani ni mabichi na mdudu wa kahawia hajifichi popote, basi madoa makubwa hufanya kazi ya kumpotosha adui. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalitumia vunjajungu. Vunjajungu waliwagundua upesi zaidi vipepeo wenye madoa makubwa, lakini wakashambulia kwenye madoa, pembeni mwa bawa, na kipepeo akatoroka na bawa lililochanika huku mwili ukiwa salama. Ukingo wa bawa hauna maisha ndani yake. Kichwa kinayo.

Hapa niseme neno juu ya kalenda yetu, kwa sababu nimeona watu wakinakili maelezo ya Malawi na kuyabandika Zanzibar kama yalivyo. Kule joto na mvua huja pamoja, na baridi huja na ukavu, kwa hiyo joto ni mjumbe mwaminifu wa mvua. Visiwani mambo ni mengine. Joto letu kali ni la kaskazi, Januari na Februari, kabla ya masika. Kipupwe huja baada ya masika, wakati majani bado ni mabichi. Halafu kuna vuli, mvua ya pili, ambayo bara kusini hawana. Tofauti ya joto kati ya mwezi wenye baridi zaidi na wenye joto zaidi nayo ni ndogo kuliko ile ya maabara ya Leiden. Ukiona kipepeo mwenye madoa makubwa, usikimbilie kuandika "umbo la masika". Andika tarehe, andika kama mvua imenyesha, na umwachie anayesoma aamue.

Ikiwa makazi hayatoshi na madoa hayatoshi, mtu anashika nini?

Aliyejibu swali hilo kwa upana ni Mfaransa Michel Condamin, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti ya IFAN huko Dakar, Senegal. Mwaka 1973 alichapisha uchambuzi wa jenasi nzima ya Bicyclus, kitabu ambacho hadi leo mtu hawezi kuigusa jenasi hii bila kupita kwake. Condamin aliacha kuyategemea madoa, akatazama viungo vya uzazi vya dume chini ya darubini, pamoja na kitu ambacho mpiga picha wa kawaida hakioni: viraka vya vigamba maalumu kwenye mabawa ya dume, vinavyofunikwa na vishungi vya nywele ndefu laini. Ukubwa wa viraka hivyo, rangi yake, mahali vilipo, urefu wa nywele na upande zinakolalia hutofautiana kwa spishi. Kwa kutumia alama hizo aliwagawa vipepeo hawa katika makundi ya spishi, na wengi wa makundi yale yangali yanatajwa na watafiti wa leo, hata wanapoyakosoa.

Viraka hivyo ni viwanda vya harufu. Dume akimtongoza jike hupiga mabawa karibu naye, vishungi hupita juu ya viraka, na harufu husambaa. Mwaka 2008 kemikali tatu za harufu ya dume wa B. anynana zilitambuliwa, na ikaonekana kwamba jike huzitumia kuchagua. Ndiyo maana alama za Condamin zilifanya kazi vizuri kuliko madoa. Doa ni la kumlenga adui, na adui ni yule yule kwa spishi zote zinazokaa kichaka kimoja, kwa hiyo kila mmoja ana sababu ya kuwa na doa linalofanana na la mwenzake. Harufu ni ya kumlenga mchumba. Spishi mbili zinazoishi pamoja zikinukia sawa, majike watapoteza mayai kwa madume wasio wao. Basi pale sura inapovuta kuelekea mfanano, harufu huvuta kuelekea tofauti.

Njia hii ina udhaifu wake, na ni udhaifu mkubwa kazini: jike hana viraka wala vishungi. Jike wa Bicyclus aliye peke yake mkononi ni mtihani hata kwa bingwa. Tena alama zinazoteuliwa kwa nguvu na uchumba huweza kupotea katika tawi moja na kuzuka upya katika jengine, na hapo mtu akazisoma kama urithi kumbe ni sadfa.

Jina Bicyclus lenyewe lilizaliwa kwa ajali ya makaratasi. Mwaka 1861 Doumet aliunda jenasi ya Idiomorphus kwa ajili ya kipepeo wa Afrika ya kati, hewitsonii. Bahati mbaya jina hilo lilikuwa limeshatumika tangu 1846 kwa jenasi ya mbawakavu. Wanyama wawili hawaruhusiwi kuwa na jina moja la jenasi, hata kama mmoja ni kipepeo na mwengine ni mdudu wa ardhini, na aliyetangulia ndiye anayebaki nalo. William Forsell Kirby, alipokuwa akitayarisha orodha yake ya vipepeo iliyotoka 1871, akaweka Bicyclus badala yake. Kwa muda mrefu lilikuwa jina la vipepeo wachache tu. Walio wengi wa Afrika waliendelea kuitwa Mycalesis pamoja na wenzao wa Asia. Kazi ya Condamin ndiyo iliyoifanya Bicyclus kuwa makao yao, na ndipo mabano yakaongezeka.

Mfano mgumu zaidi wa uhamisho ni wa jirani wa Bicyclus, yule aitwaye perspicua. Kwa mtu anayemtazama vichakani, perspicua na safitza ni wa nyumba moja: kahawia, madoa, kuruka kwa kurukaruka karibu na ardhi. Roland Trimen wa Cape Town alimwita Mycalesis perspicua mwaka 1873. Baadaye akawekwa katika Henotesia, jenasi aliyoiunda Arthur Gardiner Butler mwaka 1879. Kisha ushahidi wa vinasaba ulipoanza kuingia, Henotesia ikaunganishwa na jenasi ya Madagaska yenye jina la zamani zaidi, Heteropsis ya Westwood, na perspicua akafuata. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na Mghana Kwaku Aduse-Poku ikaonyesha kwamba wale wa Afrika bara ni tawi linalojitegemea, mbali na wale wa Madagaska. Hawakuweza kuwarudishia jina Henotesia, kwa sababu jina la jenasi hufuata spishi yake ya kielelezo, yaani ile iliyoteuliwa kulibeba jina hilo, na kielelezo cha Henotesia kilibaki upande wa Madagaska. Ikabidi jina jipya: Brakefieldia, kwa heshima ya yule yule Brakefield wa Leiden. Katika kazi hiyo hiyo jina Telinga, lililotolewa na Moore mwaka 1880 na kulala kwa zaidi ya karne, likafufuliwa kwa ajili ya tawi la Asia.

Majina manne ya jenasi kwa mdudu mmoja ambaye hajabadili hata kigamba. Inakera, sikatai. Lakini tazama mantiki. Kadhi anapogawa mirathi haulizi nani kafanana na marehemu. Anauliza nani katoka kwa nani. Mtoto asiyefanana na baba yake hapunguziwi fungu lake, na jirani anayefanana naye kama pacha harithi kitu. Uainishaji wa leo unadai vivyo hivyo: jenasi halali ni ile inayomjumuisha babu mmoja na vizazi vyake vyote, bila kumwacha mjukuu nje na bila kumwingiza mgeni. Mwaka 2010 uchunguzi wa jeni wa Mycalesina ulionyesha kwamba Mycalesis ya zamani haikutimiza sharti hilo. Ilikuwa mkusanyiko wa watu wa koo mbalimbali waliowekwa pamoja kwa kufanana. Ukishajua hivyo una njia mbili: kuwaunganisha wote katika jenasi moja kubwa kupindukia, au kuwagawa. Watafiti waligawa. Mimi naona walifanya vyema, kwa sababu jenasi moja yenye spishi mia tatu na ushei isingemwambia msomaji kitu.

Je, vinasaba basi vimemaliza ubishi? Bado. Kipande kinachosomwa mara nyingi zaidi ni sehemu ya jeni iitwayo COI, yenye herufi 658 hivi za DNA, ambayo hutumika kama alama ya kumtambulisha mnyama. Jeni hiyo haipo katika kiini cha seli. Ipo katika mitokondria, nazo hurithiwa kwa mama tu. Na kuna bakteria, Wolbachia, anayeishi ndani ya seli za wadudu wengi, Bicyclus wakiwemo, ambaye naye hupitia kwa mama. Bakteria huyu ana hila za kuwapendelea majike walioambukizwa ili asambae. Akivuka kutoka spishi moja kwenda nyingine kwa kujamiiana kwa nadra kati yao, anasafiri pamoja na mitokondria ya mama aliyembeba. Baada ya vizazi vingi unakuta spishi mbili tofauti zina COI moja, au spishi moja ina COI mbili zilizo mbali. Anayesoma herufi 658 peke yake atatoa hukumu isiyo sahihi kwa kujiamini kabisa. Ndiyo maana Antónia Monteiro na Naomi Pierce, walipochora mti wa nasaba wa Bicyclus mwaka 2001, waliongeza jeni ya kiini cha seli juu ya zile mbili za mitokondria, na waliokuja baada yao wameongeza nyingine zaidi. Mwaka 2017 jenomu ya B. anynana, yaani mkusanyiko wa DNA yake yote, ilichapishwa, herufi zipatazo milioni 475.

Kinachonivutia ni kwamba kazi nzuri za karibuni zinatumia kila kitu kwa pamoja. Mwaka 2015 Oskar Brattström na wenzake walilipitia upya kundi dogo la Bicyclus sciathis kwa viungo vya uzazi, viraka vya harufu na vinasaba. Walitoka na spishi nne mpya, na ikabidi warekebishe ramani za maeneo ya zile za zamani, kwa kuwa taarifa nyingi zilikuwa za ndugu aliyepachikwa jina la ndugu.

Sasa turudi baharini kwetu. B. anynana, mdudu wa maabara aliyeandikwa kurasa chungu nzima Ulaya, Marekani na Singapore, hakupewa jina kutokana na kipepeo wa Malawi. Butler alimweleza mwaka 1879 kutoka kisiwa cha Nzwani katika Komoro, ambacho mabaharia wa Kiingereza walikiita Johanna. Kwa Mzanzibari mwenye bibi Mngazija hii ni habari ya jirani. Leo spishi hiyo ina nususpishi, yaani migawanyo ya ndani ya spishi moja, zinazotambuliwa: anynana wa asili, socotrana wa kisiwa cha Sokotra aliyepewa jina na Butler huyo huyo mwaka 1881, na centralis wa ndani ya bara aliyeongezwa na Condamin mwaka 1968.

Nususpishi ni ngazi dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa zaidi visiwani, kwa sababu kila kisiwa kinatamani kuwa na chake. Unguja na Pemba haziko sawa katika hili. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi; enzi za barafu, bahari iliposhuka, watu na wanyama waliweza kuvuka kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na kisiwa kimekaa peke yake muda mrefu zaidi. Ndiyo maana Pemba ina popo wake mkubwa na ninga wake, wasiopatikana pengine duniani. Lakini kina cha bahari peke yake hakimpi kipepeo jina jipya. Kipepeo hubebwa na upepo, na kiwavi anayekula nyasi anaweza kuvuka ndani ya mzigo wa majani ya ng'ombe. Anayetaka kudai kwamba Bicyclus wa Ngezi ni nususpishi ya peke yake lazima aonyeshe madume wa kutosha, wa misimu yote, wenye tofauti ya kudumu katika viraka na viungo vya uzazi, na jeni zinazokubaliana na tofauti hiyo. Madoa madogo ya vipepeo watatu waliokamatwa mwezi wa Agosti hayatoshi.

Kwa wanaotembea na simu ukingoni mwa Jozani, Kiwengwa au Ngezi, au wanaofanya kazi za ufugaji wa vipepeo kama pale kijijini Pete, Unguja, picha yenye manufaa ni ya upande wa chini wa bawa, ikionyesha bawa la mbele na la nyuma pamoja. Ya pili ni ya upande wa juu, kipepeo akifungua mabawa kwa sekunde moja kuota jua. Hapo kwa dume huenda kishungi cha nywele kikaonekana, na picha hiyo moja ina thamani kuliko kumi za madoa. Kama ni jike, au kishungi hakionekani, andika Bicyclus sp., yaani Bicyclus ambaye spishi yake haijatambuliwa, na uishie hapo. Ni lebo kamili, na mtaalamu ataiheshimu kuliko jina la spishi lililobahatishwa. Na ukimtafuta perspicua kwenye orodha za zamani, tafuta chini ya Mycalesis, Henotesia na Heteropsis pia, kwa sababu makumbusho mengi bado hayajabadili lebo zao.